Chonge Isiyo na Nakshi: Mapambo ya Wadani na Lebo Inayoyauza

Ukitafuta vito vya mifupa vya Wadani kwa wauzaji wa sanaa za asili, utaonyeshwa bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni jozi ya chonge za nguruwe dume zilizofungwa pamoja kwa uzi wa magome, hazina mchoro hata mmoja, na zimegeuka rangi ya samli kwa miaka ya mafuta na moshi. Ya pili ni kidani cheupe cha mfupa wa ng'ombe au nyati, kimechongwa sura ya mtu, mjusi au mawimbi, kinang'aa kama kipya kwa kuwa ni kipya. Lebo za bidhaa zote mbili zinafanana: Dani, Papua, kitamaduni. Wanunuzi wengi hukinyooshea mkono hicho cha pili.

Ni ipi kati ya hizo mbili iliyo ya Wadani? Jibu nalitoa mapema ili msomaji asisumbuke kulitafuta. Wadani ni mabingwa wa kujipamba, lakini si watu wa kuchonga mifupa. Pambo lao hupata thamani kutokana na lilikotoka, lilikopita na deni lililolilipa, na nakshi ina nafasi ndogo mno katika hesabu hiyo. Soko limezoea kuupima utamaduni kwa wingi wa nakshi, na pale zisipokuwapo, huziagiza zichongwe.

Wadani wanaishi katika Bonde la Baliem na milima inayolizunguka, kwenye nyanda za juu za Papua, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Guinea Mpya. Sakafu ya bonde iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji wake ni Wamena, kitovu cha mkoa mpya wa Papua Pegunungan ulioundwa mwaka 2022. Juni 1938 ndege ya mtafiti Mmarekani, Richard Archbold, ilipita juu ya bonde hilo, na waliokuwa ndani wakaona mashamba ya viazi yenye mifereji iliyonyooka, vijiji na ua, mahali ambapo ramani zao hazikuonyesha kitu. Hata jina la Dani lilienezwa zaidi na wageni. Watu wa bonde kubwa hujiita Hubula, wa magharibi hujiita Lani, na majirani wa mashariki ni Wayali, ambao wauzaji huwatumbukiza kapu moja na wenzao. Nitalitumia jina lililozoeleka, nikiwalenga hasa watu wa bondeni.

Tuanze na nguruwe, maana bila yeye hakuna harusi, hakuna maziko, hakuna amani. (Msomaji ambaye dini yake inamweka mbali na mnyama huyu anivumilie. Wako hata Wadani Waislamu, katika kijiji cha Walesi karibu na Wamena, wanaoishi katikati ya ndugu na majirani wanaohesabu hadhi kwa nguruwe.) Kiazi kitamu ni chakula cha kila siku, na nguruwe ni akiba, mahari na fidia. Hauawi kwa sababu mtu kaamka na hamu ya nyama. Hupigwa mshale katika shughuli, na shughuli kubwa kuliko zote, ebe akho, ilisubiriwa kwa miaka ili nguruwe waongezeke. Hapo ndipo ndoa zilipofungwa, wavulana wakapitishwa kwenye taratibu za ukoo, na madeni ya muda mrefu yakalipwa. Baada ya hapo mnyama hatupwi. Mafuta yake hupakwa mwilini na kwenye nywele, mkia hukaushwa ukavaliwa kama kinga, na chonge za dume hutunzwa.

Kwa kipimo cha mwalimu wa sayansi, chonge ni jino na si mfupa, kwa hiyo lebo ya dukani imekosea tangu neno la kwanza. Chonge ya chini ya nguruwe dume haikomi kukua maisha yake yote. Hupinda kwenda juu na nyuma, ikinolewa kwa kusuguana na ile ya juu. Dume aliyehasiwa hukuza chonge ndogo, na Wadani huwahasi madume wengi ili wanone. Hivyo basi chonge nene na ndefu ni ushahidi wa dume aliyeachwa mzima, akala viazi vya watu mwaka baada ya mwaka kupita hesabu ya kawaida ya mfugaji. Gharama hiyo ndiyo inayovaliwa puani. Mwanamume aliyetobolewa ukuta wa katikati ya pua hupitisha jozi ya chonge zilizounganishwa mashinani, zikapinda pande mbili za uso, na anayemtazama hahitaji kuelezwa kitu.

Chonge hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine isiyo na fahari yoyote. Ukingo wake mkali ulitumika kukwangua na kulainisha mti wa mkuki na wa upinde. Jino moja lilikuwa randa ya fundi na pambo la shujaa, na katika kazi zote mbili lilitumiwa jinsi lilivyotoka tayani.

Wadani hawako peke yao katika hili. Huko Vanuatu, mbali zaidi upande wa mashariki katika Pasifiki, wafugaji hung'oa chonge za juu za dume ili za chini zikose kizuizi na kuzunguka hadi ziwe duara. Duara hilo limewekwa kwenye bendera ya taifa. Napo patasi haina kazi, kwa sababu kinachoheshimiwa ni miaka ya kumlisha mnyama ambaye taya lake limeharibiwa makusudi. Mtu anayedhani ufundi ni lazima uonekane kwa mikwaruzo ya chombo ataupita ufundi wa namna hii bila kuuona.

Hata hivyo, chonge si pambo lenye uzito kuliko yote bondeni. Uzito uko kwenye makombe ya baharini, na hapa mambo yanakuwa matamu zaidi, kwa sababu watu wa Baliem hawakuwa wakiiona bahari. Safu za milima ziliwatenga nayo pande zote. Kauri, konokono wadogo na vipande vya makombe makubwa vilipanda kutoka pwani kwa kupitia mikono ya jirani na jirani mwenzake, kila mmoja akibadilishana kile alichonacho. Wadani nao hawakuwa fukara katika biashara hiyo: walikuwa na nguruwe, na walikuwa na chumvi, waliyoipata kwa kuloweka mashina ya migomba kwenye chemchemi za maji chumvi, kisha kuyakausha na kuyachoma yakawa majivu ya kukolezea chakula.

Kombe likishafika bondeni hupewa kazi kulingana na aina yake. Kipande kipana cha kombe kubwa, mikak, huvaliwa chini ya koo kama ngao ndogo nyeupe. Konokono wadogo hushonwa kwa mamia kwenye utepe wa nyuzi unaoning'inia kifuani. Pambo hilo huitwa walimo. Kauri hupangwa kwenye kanda ndefu za kusukwa. Angalia kazi ya mkono ilipo: kombe hukatwa, husuguliwa, hutobolewa na kupangwa. Halichorwi. Ustadi wote umo katika nyuzi, na nyuzi hizo hazivutii wapiga picha.

Wapambaji wakuu hapa ni wanaume. Mbali na chonge na makombe, huvaa manyoya ya ndege kichwani, hujipaka mafuta na masizi, na huvaa kibuyu kirefu cha uume ambacho Indonesia nzima hukiita koteka na wenyewe hukiita holim. Wanawake hubeba mifuko ya nyuzi, noken, iliyoning'inizwa kichwani na kushuka mgongoni, mmoja juu ya mwingine, yenye viazi, mtoto au kitoto cha nguruwe. Mkusanyaji wa vito mara nyingi humpita mwanamke akimkimbilia mumewe mwenye chonge, ilhali mfuko wa mama huyo ndio kazi ya mikono iliyotumia muda mwingi kuliko chochote anachovaa mumewe.

Mwambao wetu una uzoefu wa kauri wa kumsaidia msomaji kuelewa kilichofuata. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwa mojawapo, walipakia kauri za Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki kwa shehena na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Ziliingia nyingi mno, thamani ikaporomoka. Nyanda za juu za Guinea Mpya zilipitia jambo la aina hiyo karne moja baadaye, safari hii kwa ndege. Wageni waligundua mapema kwamba kombe dogo linanunua viazi, nguruwe na jasho la kibarua, wakayaleta kwa magunia. Kile kilichopanda milima kwa miaka, kimoja kimoja, kikawa kinashushwa uwanjani pamoja na shoka za chuma. Wamisionari walifika Baliem mwaka 1954, serikali ya Kiholanzi ikafungua kituo chake Wamena mwaka 1956, na hesabu za wazee zikaanza kuyumba.

Maziko ndiyo mahali pa kuelewa kwa nini hesabu hizo zilikuwa nzito. Maiti ya mtu wa heshima iliketishwa kwenye kiti cha miti, ikapakwa mafuta ya nguruwe, na waliokuja kulia wakatundika juu yake kanda za kauri na mifuko mipya ya nyuzi. Kwa muda mfupi marehemu alikuwa amevaa mali ya koo kadhaa. Kabla mwili haujachomwa, vitu vyote vilivuliwa na kugawiwa kwa majina, kila anayepokea akijua anapokea kwa deni gani na atalilipa lini. Mkanda wa kauri, kwa hiyo, ulikuwa ukitembea. Mtu alikuwa mshika-zamu wake tu. Mnunuzi anayeuweka kwenye fremu ukutani ameuhifadhi, ni kweli, lakini pia ameukatiza safari, na sioni kwa nini asiambiwe hivyo.

Vita vilikuwa na mapambo yake. Silaha, manyoya na mapambo yaliyovuliwa kwa adui aliyeuawa yalihifadhiwa na kuonyeshwa katika ngoma ya ushindi. Yaliitwa ndege waliokufa. Mtengeneza filamu Robert Gardner alilichukua jina hilo kwa filamu yake Dead Birds, iliyopigwa bondeni mwaka 1961 wakati vita vya koo bado vikipiganwa. Pambo moja lingeweza basi kusimulia mambo mawili yanayopingana kabisa: kifuani kwa mwenyewe lilimtukuza, na mikononi mwa adui zake lilitangaza kuwa hayupo tena. Hakuna mchoro juu yake unaokueleza ni lipi kati ya hayo mawili. Lazima aulizwe mtu.

Msafara uliopiga filamu hiyo mwaka 1961 ulituachia ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu suala la kuchonga, na ulikuja bila kukusudiwa. Mrekodi sauti wa Gardner alikuwa kijana Michael Rockefeller, mtoto wa gavana wa New York, Nelson Rockefeller, ambaye alikuwa ameanzisha jumba la makumbusho la sanaa za asili. Kijana alikaa na Wadani, akapiga picha nyingi na kurekodi nyimbo na vilio vyao. Alipotaka kukusanya sanaa za kuchonga kwa ajili ya makumbusho hayo, aliteremka hadi pwani ya kusini kwa Waasmat, watu wenye nguzo ndefu, ngao na mitumbwi iliyojaa nakshi. Novemba mwaka huo alipotelea huko na hakuonekana tena. Alivyovikusanya viko leo katika Metropolitan Museum, kwenye upande wenye jina lake. Mtu mwenye jicho la kutafuta nakshi, mwenye fedha, aliyelala bondeni miezi kadhaa, alizitafuta kwingine.

Mwenzake katika msafara, mwanaanthropolojia Karl Heider, alibaki bondeni na baadaye akarudi tena. Kitabu chake The Dugum Dani cha 1970 kinaorodhesha vitu vya Wadani kimoja kimoja, na kinakiri jinsi michoro na uchongaji vilivyokuwa haba kwao. Ncha za mishale ya vita zilichongwa meno, ndiyo, lakini kusudi lilikuwa jeraha na si uzuri. Wapo waliosoma maneno kama hayo wakayachukua kama tusi, kana kwamba jamii isiyochonga imepungukiwa. Mimi naona kipimo ndicho kilichopungua. Watu walioweza kupanga mifereji ya bonde zima, na kukumbuka deni la kauri kwa vizazi viwili, hawakukosa akili ya kushika patasi. Waliitumia kwingine.

Kuna pia wauzaji wanaonong'ona kwamba kipande fulani ni mfupa wa binadamu, ili mnunuzi asisimke. Wadani wa bondeni walichoma maiti, na mifupa iliyobaki ilikusanywa na kuhifadhiwa, haikuvaliwa shingoni. Watu wakubwa wachache mno walikaushwa kwa moshi, na miili yao bado inatunzwa katika vijiji kama Jiwika. Majambia ya mfupa yenye nakshi, mengi ya paja la kasuari, yule ndege mkubwa asiyeruka, na mengine ya paja la mtu, ni ya watu wa nyanda za chini na pwani: Sepik upande wa Papua Guinea Mpya, na Waasmat. Kuyaita ya Wadani ni sawa na kuuza mlango wa Lamu kwa jina la Wamaasai.

Baada ya mwaka 1954 mapambo yalipata maadui wenye nia njema na wengine wasio nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, hasa kwa Wadani wa magharibi, waumini wapya walirundika hirizi na vitu vya kivita na kuvichoma moto mbele ya wahubiri. Indonesia ilichukua utawala tarehe 1 Mei 1963. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali yake iliendesha kampeni iliyojulikana kama Operasi Koteka, ya kuwavua wanaume vibuyu na kuwavisha kaptura. Kampeni haikufanikiwa kama ilivyotarajiwa, lakini ilifundisha kizazi kizima kwamba mwili uliopambwa ni aibu ya kitaifa. Kisha, mwaka 1989, likaanza tamasha la kila Agosti la Bonde la Baliem, na vijana wakaambiwa wavivae tena vitu vilevile kwa ajili ya watalii. Mzee aliyeishi nyakati zote mbili ana haki ya kucheka.

Sisemi kwamba chonge ya siku ya tamasha ni ya uongo. Kijana anayeivaa akiigiza vita bado ni mtoto wa ukoo, na babu yake aliivaa. Kilichobadilika ni mtazamaji. Zamani alikuwa jirani aliyejua nguruwe yule aliuawa katika shughuli ya nani. Sasa ni mgeni mwenye kamera anayetaka kujua bei. Mbele ya mtazamaji wa namna hiyo chonge tupu haisemi mengi, na hapo ndipo nakshi inapoalikwa.

Inatoka wapi? Si lazima mbali. Tampaksiring, katika kisiwa cha Bali, ni kitovu mashuhuri cha uchongaji wa mifupa ya ng'ombe na nyati. Mafundi wake wana mkono mwepesi ajabu. Wanaweza kukutolea fuvu, joka au kidani cha mtindo wa Wamaori wa New Zealand ukiwapa picha. Kazi yao ni halali, na nyingine ni nzuri mno. Tatizo linaanza mfanyabiashara anapoisafirisha na kuibatiza jina la kabila la mbali kwa kuwa jina hilo linauzika kuliko jina la fundi. Wachongaji wa kweli wa mifupa wapo pia miongoni mwa Wabatak wa Sumatra na watu wa Timor, na michoro yao huibiwa ikabandikwa neno Papua.

Macho yanaweza kusaidia. Mfupa, ukiutazama kwa lenzi, una vitundu na mistari midogo, njia za mishipa ya damu. Chonge ya nguruwe haina vitundu hivyo. Ina pande tatu ukiikata, ina tundu refu mashinani, na upako wake mgumu haufuniki pande zote. Plastiki iliyomiminwa hukosa vyote hivyo, na mara nyingi huonyesha mshono wa kalibu. Kuzeeka nako hughushiwa kwa chai na rangi ya viatu. Kitambaa kilicholowa kidogo hukwambia mengi, na sindano ya moto, ambayo wengine huipenda, huharibu kitu ambacho huenda kilikuwa cha kweli. Kuhusu sheria, nguruwe hana mgogoro, lakini kasuari na ndege wa peponi wanalindwa nchini Indonesia, na kuvusha viungo vyao bila kibali ni kosa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba njia bora imeshaonyeshwa. Desemba 2012 UNESCO iliiweka noken ya Papua kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kilicholindwa ni ufundi wa mikono na mafundisho ya mama kwa binti, hata pale nyuzi za magome zinapobadilishwa na za dukani. Mfuko haukulazimishwa kuongezewa chochote ili ueleweke. Mapambo ya chonge na makombe hayajapata utetezi wa namna hiyo, na anayeyasemea kwa sasa ni muuzaji.

Kwa hiyo, mwenye makumbusho, mwenye duka na mnunuzi wa zawadi waandike wanachokijua tu: chonge ya nguruwe dume, Bonde la Baliem, na jina la kijiji kama limetajwa na aliyeiuza. Na kile kidani cheupe chenye mjusi kiuzwe kwa jina la fundi wa Bali aliyekichonga, maana hiyo ni kazi yake na anastahili kulipwa kwayo.